Darasa la Usalama Juu ya Karakana ya Seremala

Katika chai ya kuniaga mliniomba niseme maneno machache, nikashindwa. Sambusa zilikuwa bado moto, na mgeni rasmi alikuwa na ndege ya kuwahi katika uwanja wa Manda. Basi nawaandikia, ninyi walimu vijana mnaobaki na lile darasa. Vyeo sitavitaja, maana havikuwa vingi. Nitawaeleza kazi yenyewe.

Mimi ni mtu wa bara, wa upande wa Machakos. Nilikuja Lamu kufundisha historia katika shule ya sekondari, nikidhani nitakaa kidogo kisha niombe uhamisho. Baadaye nilikwenda Nairobi kusomea shahada ya pili katika usalama wa kimataifa. Huko nilijifunza mambo makubwa: mizani ya nguvu kati ya mataifa, silaha za nyuklia, mikataba ya kupunguza makombora. Nilirudi kisiwani nikiwa na uwezo wa kueleza kwa nini dola mbili kubwa hazikupigana, lakini sikujua kwa nini jirani yangu wa mtaa wa Langoni alibadilisha kufuli ya mlango. Chuo kilipofungua tawi hapa mjini, kikatafuta mtu wa kufundisha somo hilo, nilikuwa karibu, nami sikuhitaji kulipiwa nauli ya ndege. Nadhani hilo la nauli lilisaidia.

Darasa lilikuwa ghorofani Langoni, juu ya karakana ya seremala anayechonga milango. Msumeno wake ulianza kila nilipofungua mdomo. Siku ya kwanza nilipanda ngazi nikiwa na ramani kubwa ya dunia, niliyoinunua Nairobi na kuibeba kwapani mpaka gati la Mokowe, upande wa bara, kisha kwenye boti. Niliitundika ukutani. Mwanafunzi mmoja, mlinzi wa uwanja wa ndege kule Manda, akaisogelea, akaitazama sana, halafu akauliza, "Mwalimu, sisi tuko wapi?" Hatukuwepo. Visiwa vyetu vyote vilikuwa vidogo mno kuonyeshwa. Nikachomeka pini mahali nilipokisia. Ndani ya mwezi mmoja unyevu ulikuwa umeikunja ramani, na pini imeingia kutu. Ushauri wangu wa kwanza kwenu: ramani muipige plastiki, na chaki muifungie kwenye kopo lenye kifuniko.

Wanafunzi wangu hawakuwa watoto. Walikuwa askari polisi, naibu chifu, walimu wa shule za msingi, mlinzi huyo wa Manda, na wenyeji wachache wa mji. Askari walikaa upande wa ukuta, migongo imeegemea, macho mlangoni. Wenyeji walikaa karibu na mlango. Katikati palibaki viti vitupu ambavyo hata anayechelewa hakuvikalia.

Askari mmoja alikuja na bastola kiunoni. Nikamwambia hapa haingii bunduki.

"Madam, hii ni kama kitambulisho changu."

"Basi kakiache kituoni. Hapa tutakujua kwa jina."

Akatazama wenzake, akateremka, akarudi bila silaha. Jina lake lilikuwa Kiprono. Alikuwa sajini, mtu wa maneno machache, na viatu vyake viling'aa hata siku za matope yaliyokanyagwa na punda vichochoroni.

Aliyenifundisha kufundisha ni Bwana Shee, mkuu wa tawi letu, mwenyeji wa hapo hapo Langoni. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule kabla ya kuja chuoni. Wiki ya pili alikuja kuketi nyuma ya darasa langu. Nilikuwa nikieleza aina za mabomu, kwa michoro. Kipindi kilipokwisha akaniita pembeni, akanisemesha kwa Kiamu chake cha Lamu.

"Bi Tabitha, mabomu hawa wayayua kuliko wewe. Kuna miongoni mwao waliookota maiti yalipolipuka."

"Sasa nianze na nini, Bwana Shee?"

"Waulize wapita ndia gani wakiya hapa."

Nilidhani ananitania. Lakini kipindi kilichofuata niliufunga mtaala, nikamwambia kila mmoja aeleze alipitia wapi kuja darasani, na kwa nini hakupita kwingine. Sijawahi kupata somo kama lile. Mwalimu mmoja wa mtaa wa Wiyoni alisema huondoka mapema kabla somo halijaisha kwa sababu mke wake ana mimba kubwa, na wakati ule kulikuwa na amri ya kutotoka nje usiku, naye aliogopa uchungu umkute mkewe peke yake. Mlinzi wa Manda alisema hupita kando ya maji ili mtu asimwombe ampitishie mzigo. Kiprono alisema, "Mimi, Madam, sipiti njia moja mara mbili."

Msichana mmoja aliyekaa karibu na mlango akacheka. Aliitwa Swabra. Alikuwa akiuza dawa katika duka la dawa pale pale Langoni, na alijiandikisha katika kozi hii, kama alivyoniambia baadaye, kwa sababu amechoka kwenda kwenye mikutano ya usalama na kuzungumziwa kwa lugha asiyoielewa.

"Mimi napita ile ile kila siku," alisema. "Nikibadilisha, nyinyi mtaniuliza kwa nini."

Msumeno ulikuwa umenyamaza wakati huo, basi kila mtu alisikia. Kiprono aliinamisha kichwa, akaandika kitu. Nilipopita nyuma yake niliona ameandika sentensi ile ile ya Swabra, neno kwa neno.

Tangu siku hiyo kila darasa jipya nimelianza kwa zoezi la njia. Nawasihi mlidumishe. Mtaala utawasubiri.

Sasa niwasimulie jambo ambalo mmelisikia nusu nusu.

Swabra alikuwa na kaka yake, Aboud, aliyekuwa akiendesha boti ya abiria kati ya mji na uwanja wa ndege wa Manda. Baba yao alikuwa amefariki. Aboud ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba. Katika mwaka wao wa pili wa masomo, asubuhi moja, Aboud alivusha abiria, akawashusha, na kabla hajafungua kamba ya boti watu wasiovaa sare wakamwita kwa jina lake. Wakampandisha boti nyingine. Mchana simu yake ikawa haipatikani. Swabra na mama yake walikwenda kila mahali walipojua pa kwenda kuuliza, wakaambiwa hayuko.

Siku ya pili yake nilikuwa ubaoni. Nilikuwa nimeandika kichwa cha somo kwa herufi kubwa: Wajibu wa Dola Kumlinda Raia. Sikukipangia siku hiyo, ndivyo ratiba ilivyoangukia. Swabra akatokea mlangoni. Hakuketi.

"Mwalimu, nisamehe kwa kuchelewa," alisema. Kisha akageukia upande wa ukuta. "Kaka yangu Aboud amechukuliwa. Kama kuna mtu humu anajua aliko, namwomba aniambie. Na kama hayuko hai, aniambie vilevile. Mama yangu hawezi kukaa hivi."

Askari walitazama madawati yao. Halafu Kiprono akakunja daftari lake, akachukua mkoba, akapita mbele ya Swabra bila kumtazama, akateremka ngazi. Tulisikia viatu vyake mpaka chini.

"Si mwaona," alisema yule mwalimu wa Wiyoni. "Ameenda zake."

Nilifuta ubao. Sikuweza kuendelea kufundisha mbele ya maneno yale. Niliwaambia waende nyumbani, na mimi na Bwana Shee tukamfuata Swabra kwao.

Mama yake, Bi Maryamu, hakuwa akilia. Alikuwa ameketi juu ya mkeka akikunja mashati ya mwanawe, akimaliza analikunjua tena moja na kulikunja upya. Majirani walikuwa wamejaa ndani, wengine wanasoma sura ya Yasini kwa sauti ya chini. Bwana Shee alinitambulisha kwake. Bi Maryamu akaliweka shati chini.

"Wewe ndiwe wawasomesha hao askari?"

"Ndiyo, Bi Maryamu."

"Wawasomesha nini?"

Nimefanya mitihani mingi ya mdomo maishani, ya kuuliza na ya kuulizwa. Hilo ndilo swali lililonishinda. Niliketi kando yake, nikavuta shati moja, nikalikunja. Hakunikataza.

Kesho yake mchana nilikuwa ofisini nikisahihisha kazi ambazo sikuwa nikizisoma. Mlango ukagongwa. Alikuwa Kiprono, amevaa kiraia. Aliufunga mlango nyuma yake, akabaki amesimama.

"Madam, mimi sijaja hapa."

"Sawa. Hujaja."

"Yule kijana hayuko kisiwani. Yuko kituo kimoja huko bara." Akanitajia jina la kituo, mimi sitalitaja. "Yuko hai. Nimezungumza na mtu aliyemwona akinywa chai. Wanaweza kumhamisha wakati wowote, na akihamishwa hapo mimi sitajua tena. Nendeni na wakili, na muende mchana kweupe, watu wengi."

Nilimwambia aketi, akakataa. Jasho lilikuwa limelowesha kola yake. Nikamuuliza kwa nini alitoka darasani vile.

"Ningekaa, wote wangenitazama, na sikuwa na jibu. Nikaenda kulitafuta." Akashika kitasa. "Nina watoto, Madam. Usinitaje."

"Sitakutaja."

Sikumtaja. Haya nayaandika leo kwa idhini yake, na majina ya wote nimeyabadilisha.

Asubuhi iliyofuata tulivuka kwenda Mokowe, tukakodi magari mawili: Bi Maryamu, Swabra, Bwana Shee, mimi, wakili kijana wa mjini aliyeitwa Nasra, na majirani waliojaza gari la pili. Njiani Nasra alikuwa na katiba mapajani, akiufungua ukurasa ule ule na kuufunga.

Pale kituoni afisa wa zamu alitupokea kwa adabu. Alisema hakuna mtu wa jina hilo. Nasra akamsomea kifungu kinachosema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani bila kuchelewa. Afisa akasema anakijua kifungu hicho vizuri, na mtu huyo hayupo. Nasra akasoma tena. Afisa akasema tena. Nilianza kuogopa kwamba Kiprono amedanganywa, au Aboud amekwisha hamishwa. Nilimtazama Swabra, alikuwa ameshika ukuta.

Bi Maryamu aliinuka kwenye benchi, akatoka nje, akasimama katikati ya uwanja wa kituo, akavuta pumzi na kuita kwa sauti ambayo sikudhani mwili ule mdogo unayo.

"Aboud! Aboud mwanangu!"

Askari mmoja akaanza kumwendea. Akaita tena.

"Aboud!"

Na kutoka nyuma ya jengo, kwa mbali, ikaja sauti: "Naam, mama!"

Swabra alianguka magotini. Bwana Shee alikuwa akirudia "Alhamdulillahi, Alhamdulillahi," machozi yanamtiririka hadi ndevuni. Mimi ni Mkristo, lakini nilijikuta nayasema maneno yale yale. Yule askari aliyekuwa akimwendea Bi Maryamu akasimama. Akavua kofia. Afisa wa zamu alibaki mlangoni ameduwaa, kisha akamwambia mtu alete viti kwa wageni.

Baada ya hapo hakuna aliyesema hayupo. Aboud alifikishwa mahakamani. Ilionekana kwamba alikuwa amemvusha abiria aliyekuwa akitafutwa, kama alivyomvusha mtu yeyote mwenye nauli, na hapakuwa na kosa la kumshtaki. Hakimu akamwachilia. Alitoka akiwa amekonda, mkono mmoja umefungwa bendeji, na jambo la kwanza aliloomba lilikuwa maji ya baridi. Alikunywa chupa nzima bila kupumua. Tulipokuwa tunavuka kurudi kisiwani nilianza kucheka, bila sababu, na Nasra naye akaanza, mpaka nahodha wa boti akageuka kutazama tuna nini. Bi Maryamu alikuwa amemshika Aboud mkono ule mzima, na hakuuachia mpaka tukateremka.

Nikiwa kijana pale chuoni Nairobi niliandika tasnifu nzima kuhusu uaminifu kati ya dola na raia. Niliitafuta tena baada ya siku ile. Ina maneno mazuri. Nimeirudisha kabatini.

Swali la darasani lilibaki: tutakaaje tena chumba kimoja? Nilipanda ngazi juma lililofuata nikiwa na wasiwasi kuliko siku yangu ya kwanza. Kiprono alikuwa upande wa ukuta, kama kawaida. Swabra akaingia. Akapita viti vya karibu na mlango, akapita vile vitupu vya katikati, akavuta kiti kando ya Kiprono na kuketi. Kiprono alifungua daftari lake na kulisogeza katikati ili Swabra aweze kunakili somo alilolikosa alipokuwa akimtafuta Aboud. Sikuwahi kumwambia Swabra nani alikuja ofisini kwangu. Nadhani aliyaunganisha mwenyewe yaliyotokea. Pole pole wengine nao wakaanza kukaa popote.

Baadaye Kiprono alihamishiwa kambi moja bara, upande wa msituni. Uhamisho kwa askari ni jambo la kila mwaka, na huenda ulikuwa wa kawaida. Sikuuliza, naye hakulalamika. Aliendelea na masomo kwa simu. Mtandao ulikuwa unapatikana akipanda juu ya tangi la maji, aliniambia, na kamanda wake alishazoea kumwona huko juu akisoma nadharia za migogoro. Insha yake ya mwisho aliichagua mwenyewe: kwa nini raia hunyamaza mbele ya polisi. Nilimwonya kwamba vyanzo vya kuaminika vitakuwa vigumu kupata. "Mimi ni chanzo, Madam," akanijibu. Nikamwambia hata chanzo lazima kiandikiwe tanbihi.

Muhula wangu wa mwisho, siku moja nikiwa darasani nikipanga vitabu vya kuwaachia ninyi, habari zikaja kwamba gari la polisi limekanyaga bomu katika barabara ya kwenda kambi ile. Hakuna majina. Nilipiga simu ya Kiprono, haikupatikana. Nikaipiga tena. Wanafunzi wakaanza kuja mmoja mmoja, ingawa hapakuwa na kipindi. Mwalimu wa Wiyoni alikuja amembeba mtoto wake, yule wa mimba ile, ambaye sasa anatembea. Swabra alifunga duka la dawa akaja, akaketi sakafuni na simu mapajani, anapiga, anakata, anapiga. Chini yetu seremala alipoambiwa kuna nini, alizima mashine zake na kuwaruhusu vibarua waende.

Mchana Bi Maryamu alipanda ngazi zile, yeye ambaye hakuwahi kufika chuoni. Alihema, akashika fremu ya mlango.

"Yule wenu," alisema, "asema nini?"

"Bado, mama," Swabra akajibu.

Bi Maryamu akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokikuta, akainua mikono kumwombea askari dua. Hakuondoka mpaka alasiri.

Siku ile ikapita hivyo. Kesho yake tulikusanyika tena bila kuitana. Nilikuwa nimesimama dirishani simu yangu ilipolia. Namba sikuijua.

"Madam," sauti ikasema. "Ni Kiprono. Samahani kwa insha."

Niliketi juu ya boksi la vitabu. "Insha gani?"

"Ilikuwa niitume jana. Simu yangu ilikuwa kwenye lile gari, niliwapa wakaninunulie chaja mjini. Gari lilikuwa letu, Madam. Wenzangu wawili wako hospitali. Wataishi, daktari amesema. Mimi zamu yangu ilibadilishwa asubuhi. Naomba muda kidogo."

"Muda unao, Kiprono. Unao wote."

Swabra alininyang'anya simu. "Wewe!" alimfokea. "Huna hata mtu wa kukuazima simu tangu jana? Watu hawali hapa!" Halafu akanirudishia, akajifunika uso kwa buibui, mabega yanatikisika. Mwalimu wa Wiyoni alikuwa tayari anateremka ngazi mbio kumpelekea Bi Maryamu habari, na tukamsikia akiitangaza njia nzima.

Idara ilitaka alama zote kabla sijaondoka. Niliwaambia bado moja. Waliniaga kwa chai ile mnayoikumbuka, wakanipa saa ya ukutani, na asubuhi yake nikarudi ofisini kama kawaida. Karani aliniuliza kama nimesahau kwamba nimestaafu. Nilimwambia nasubiri kazi ya mwanafunzi.

Insha ya Kiprono ilifika juma lililofuata. Tanbihi zilikuwa mbovu, aya nyingine hazikuwa na mwisho, na tahajia ilikuwa ya mtu anayeandika juu ya tangi la maji. Nilifunga mlango, nikawasha feni, nikachukua kalamu nyekundu, nikayasahihisha makosa yake yote, moja baada ya jingine, polepole, kwa raha ambayo sikuwahi kuipata nikisahihisha kazi ya mtu mwingine yeyote.